Mwalo Uliokuwa na Kilo Yake

Wanafunzi wangu wa hapa Ntinda, Kampala, hunicheka ninapojiita mstaafu. Nina miaka thelathini na minane, meno yangu yote yapo, na kila asubuhi nawafundisha fizikia nikiwa nimesimama. Lakini kazi niliyoistaafu haipo tena duniani, na nadhani mtu wa namna hiyo ana haki ya kujiita mstaafu hata kama bado anaweza kuruka kamba. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa mpima mizani wa mwalo. Mwalo, kwa ninyi mliokulia magorofani Bugolobi mkidhani samaki anazaliwa ndani ya friji, ni pale mashua zinapotia nanga na samaki wanashushwa, wanapimwa na kuuzwa. Wetu ulikuwa mdogo, mwendo wa mguu kutoka Ggaba ukifuata ufuo.

Kilichoutofautisha na mialo mingine ni kwamba ulijitawala. Zamani, kabla sijazaliwa, wachuuzi walinunua kile kipande cha ardhi kwa pamoja na kupata karatasi yenye mihuri iliyowaruhusu kuendesha mambo yao wenyewe. Tulikuwa na baraza la watu saba tuliowachagua, askari wetu wawili, mahakama yetu ya Jumanne, na siku yetu ya kufunga mwalo, ambayo haikufuata kalenda ya mtu yeyote. Mume akifa, meza yake ya samaki ilibaki kwa mjane bila kuuliza mtu. Madereva wa bodaboda walituita Jamhuri. "Jamhuri, viti viwili!" walikuwa wakipiga kelele pale barabarani, na watu walipanda.

Na tulikuwa na kilo yetu. Nitaieleza, lakini kwanza niwaambie jinsi mizani inavyodanganya, maana hilo litawafaa hata mkiwa mawakili.

Mizani yetu ilikuwa ile ya kuning'inia, yenye uso kama wa saa, mshale mmoja na kulabu chini. Ndani yake kuna springi, na springi huchoka. Asubuhi ya baridi inasema jambo moja, saa nane ya jua kali inasema lingine. Kwa hiyo nilipima kila mizani mara mbili: mara moja nikiongeza uzito polepole, mara ya pili nikiupunguza. Mshale ukirudi mahali tofauti na ulikopita wakati wa kwenda, springi inaumwa. Usipime mizani upande unaopigwa na upepo wa ziwa, kwa sababu samaki anayebembea ana uzito wa kila aina. Safisha kulabu, maana utelezi wa samaki ukikauka siku kumi unakuwa mzigo. Na usiutazame mshale peke yake, tazama mkono wa mwenye mizani uko wapi. Kidole gumba kimoja chenye subira kinaweza kulisha familia.

Kuhusu sangara, tia vidole tumboni kabla hajapimwa. Niliwahi kutoa kokoto kumi na moja kutoka kwa sangara mmoja. Mwenye samaki aliniambia kwa uso mkavu, "Huyu alikuwa anakula vibaya." Nilimpa kokoto zake azipeleke nyumbani.

Haya yote nilifundishwa na Hajji Twaha. Babu zake walitoka pwani na biashara, wakaoa hapa, wakabaki. Yeye alifundisha watoto Kurani jioni na kuuza ngege asubuhi. Kwa wasomaji wa nchi jirani, ngege ni sato. Hajji alikuwa mpima mizani kabla yangu, mpaka macho yake yalipoanza kumwonyesha mishale miwili. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Kiswahili cha wengine wetu pale kilikuwa cha kambini, cha sokoni na cha kukimbilia, nusu yake Kiganda, na tulielewana vizuri tu.

Mimi nilifika nikiwa na shahada ya fizikia na bila kazi. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilimwuliza mhadhiri, nilimwuliza padri, nilimwuliza mjomba kwa nini tunamsubiri aanze kula wakati chakula kinapoa. Hajji alinipenda kwa sababu hiyo, nadhani, na alichoka kwa sababu hiyo hiyo.

Alinikabidhi chuma. Kilikuwa kipande kizito cha mviringo chenye tundu la kupitishia kulabu, cheusi, kinachonuka samaki. Kila asubuhi nilikitundika kwenye kila mizani ya mwalo, na mshale ulipaswa kusimama kwenye kilo moja kamili. Usiposimama, nilizungusha skrubu mpaka usimame. Hiyo ndiyo kazi. Mizani zote zilisema alichosema chuma.

"Na chuma kilipimwa na nani?" niliuliza siku ya kwanza.

"Na mwalo," alisema Hajji.

"Na mwalo ulipimwa na nani?"

"Binti yangu, jua linapanda. Pima."

Mwezi wangu wa kwanza ulikuwa haujaisha nilipoazima jiwe la kupimia kutoka maabara ya chuo, lile lenye kilo ya kweli, na kulilinganisha na chuma. Chuma kilizidi. Kilizidi kwa uzito wa yai moja la kuku, yai kubwa. Nilikisugua kwa brashi ya waya nikidhani ni uchafu. Kikang'aa kama sahani ya harusi, na bado kikazidi. Sasa fikirini mtu kama mimi, aliyetoka kusoma, mwenye hakika. Niliona kosa ambalo watu wote hawa walikuwa wamelibeba miaka nenda miaka rudi bila mmoja wao kuuliza. Nikanunua tupa. Asubuhi tatu mfululizo, kabla wachuuzi hawajafika, nilikipunguza upande wa chini mpaka kikalingana na jiwe la chuo. Kisha nikarekebisha mizani zote, isipokuwa ya Hajji, ambaye alikuwa amekwenda msibani Bombo na kabati lake alilifunga kwa kufuli.

Sikumwambia mtu. Nilitaka sayansi ishangaze yenyewe.

Kwa siku kadhaa wachuuzi walifurahi. Samaki kutoka mashua ileile walikuwa wakitoa kilo nyingi zaidi. Nakato, aliyeuza kwenye meza ya kwanza karibu na ngazi, alisema ni baraka ya mbunge mpya. Kisha akaja mama mmoja kutoka Bugolobi, mwenye hoteli ndogo ya chakula, na sufuria yake kichwani. Sufuria tupu. Aliitua katikati ya mwalo kwa kishindo.

"Kilo tano zangu zinajaza hii mpaka kwenye ufa huu," alisema, akionyesha ufa. "Miaka yote. Juzi zimefika hapa. Jana zimefika hapa. Nani amekula samaki wangu?"

Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Akello. Baba yake alikuwa sajenti, yeye alizaliwa kambini, mume wake polisi, na alizungumza na kila mtu kama anakagua gwaride. Aliangalia sufuria. Aliangalia mizani ya Nakato. Kisha akaniangalia mimi, kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa ninatabasamu.

"Profesa. Kuja hapa. Nini ulifanya?"

Nilieleza. Nilieleza vizuri sana, na mifano, na jiwe la chuo mkononi. Mama Akello alisubiri nimalize.

"Nani alikupa ruhusa kugusa chuma ya watu?"

"Lakini Mama, kilikuwa na kosa. Kilo ni kilo. Kuna kilo moja tu duniani."

"Duniani, ndiyo. Hapa si duniani. Hapa kwetu."

"Banange," alisema Nakato, ambaye ndiyo kwanza alielewa, "kumbe ile kiro ilikuwa ya wizi! Na mimi nimeuza! Watu wangu watasema Nakato ni mwizi!" Akavua aproni yake na kunitupia.

Nilishtakiwa mahakama ya Jumanne. Adhabu yangu ilikuwa kuwaparulia magamba bure, kwa siku tatu, watu wote waliopunjwa. Na kwa kuwa hakuna aliyejua ni akina nani, yeyote aliyesema amepunjwa alihudumiwa. Vijana wangu, nusu ya Kampala ilipunjwa. Waliletwa samaki ambao hawakuwa wamenunuliwa kwetu. Mtu mmoja aliniletea samaki wa bahari, amegandishwa, ndani ya karatasi ya duka kubwa. Nilimparua. Mpaka leo naweza kumparua ngege huku nikisahihisha daftari.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa kukirudisha chuma kama kilivyokuwa. Uzito wake haukuandikwa popote, hata na mimi, kwa sababu chenyewe ndicho kilichokuwa maandishi. Nilikaa na hilo usiku na mchana, likanifundisha zaidi ya miaka mitatu ya chuo. Hatimaye Hajji alirudi kutoka Bombo, akafungua kufuli, akatoa mizani yake, ambayo sikuwa nimeigusa. Tukakipeleka chuma kwa fundi wa kuchomelea, akaongeza tone baada ya tone, na kila tone tulikitundika kwenye mizani ya Hajji, mpaka mshale ukasimama. Baadaye nilisikia wachuuzi wakisema chuma kina kovu. Walisema kwa heshima, kama kovu la askari.

Mtauliza, na mimi niliuliza, kwa nini kilo ya mwalo ilizidi. Hajji alisema wazee waliahidi kilo ya jikoni, si kilo ya ufukweni: samaki hupoteza maji njiani, kwa hiyo anaongezewa kabisa hapa ili akifika kwako atimie. Jibu zuri. Nilinunua kilo ya ngege, nikapanda bodaboda juani hadi Ntinda, nikampima tena. Hakupoteza uzito wa yai, hata robo yake. Nikarudi na matokeo yangu.

"Basi tafuta sababu nyingine," alisema Hajji, akichagua vizuri samaki wa mteja.

Mama Akello alisema mwenyekiti wa kwanza alikamatwa akidanganya, na mwalo ukajitoza faini isiyo na mwisho. Nakato alisema ni kipande tu cha injini ya mashua kilichokuwa karibu siku walipohitaji kilo. Nilikusanya majibu saba. Nilimpelekea Hajji yote saba, nikamwambia hakuna hata moja lenye ushahidi.

"Vizuri," alisema. "Sasa sikiliza. Kila mwaka baraza linaweza kuibadilisha ile kilo. Hakuna anayetuzuia. Kila mwaka hatuibadilishi. Mimi sijui wa kwanza walifikiri nini. Najua sisi tunafikiri nini."

Nilirudi kwenye mizani zangu, na jibu hilo lilinikera kwa wiki nzima.

Sasa nije kwenye tulivyoipoteza Jamhuri, maana wengi wenu mmesikia hadithi ambayo ndani yake kuna mtu mbaya kutoka mjini na tingatinga. Hakuwapo. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilipanda bei isipokuwa watu. Mafuta ya mashua yalipanda, mashua zikapungua. Hoteli zilipunguza oda, nyingine zikafunga. Wateja wetu wa kila siku wakaanza kuja mara mbili kwa wiki, kisha Jumamosi tu, na wengi wakahama kutoka sangara hadi mukene, wale dagaa wadogo wa kukaanga. Katikati ya hayo mtambo wa nyumba ya barafu ukafa. Ulikuwa wetu, tuliununua wenyewe zamani, na akiba ya kuutengeneza tulikuwa tumeshaila, kihalisi, kwa sababu baraza lilikubali kuitumia kwa unga wa familia zilizokwama. Nilikuwapo. Hakuna aliyepinga, hata mimi.

Bila barafu, samaki asiyeuzwa kufikia saa tisa ni takataka.

Wakuu wa jiji walimtuma mhandisi, kijana mpole mwenye buti mpya. Alisema wako tayari kutengeneza nyumba ya barafu na ngazi za kushushia. Lakini fedha za umma haziwezi kwenda kwenye mahali pasipo pa umma. Mwalo ungeingia chini ya jiji kama masoko mengine: meneja wa kuteuliwa badala ya baraza, meza kwa orodha, mahakama ya Jumanne basi, mizani ya kidijitali yenye muhuri wa serikali. Mama Akello alimwomba mambo matatu: baraza libaki hata kama la ushauri tu, mjane abaki na meza, kilo ibaki. Kijana aliandika yote matatu, akayapeleka, akarudi baada ya siku tisa.

"La kwanza linawezekana, Mama," alisema. "La pili litaangaliwa. La tatu ni kosa la jinai."

Mama Akello alicheka mpaka akakaa chini. "Sikia huyu! Kuongeza watu samaki ni jinai!"

"Mizani isiyo sahihi ni mizani isiyo sahihi, Mama. Sheria haiulizi inakosea kumpendelea nani."

Nilimpenda yule kijana. Alizungumza kama mimi nilivyozungumza siku ya sufuria.

Mwalo ukagawanyika. Wengine walisema tuvumilie, hali itarudi, mtambo utatengenezwa kwa michango. Hajji aliongoza upande huo. Alisema tukiutoa mwalo tutakuwa tumeutoa milele, na barafu itakuwa ya miaka mitano tu. Wengine, akina Nakato, walisema hawawezi kuwalisha watoto uhuru. Walibishana mezani, ngazini, chooni. Na kila aliyebishana alikuwa na nambari yake: huyu anasema tunatupa samaki kidogo tu, yule anasema tunatupa nusu. Ndipo baraza likaniita.

"Profesa," alisema Mama Akello, "pima samaki ya kutupa. Wiki mbili. Kila siku. Halafu utasema mbele ya watu. Utakachosema ndiyo tutaamini."

Kila saa tisa nilizunguka na kikapu na mizani. Watu waliniletea samaki wao waliokuwa wameanza kulegea, wengine wakigeuza uso. Hapo nilijifunza jambo la kazi ambalo halimo kwenye vitabu: mtu ambaye hajauza huficha. Siku za kwanza vikapu vilikuwa vyepesi kuliko nilivyotarajia. Nikaanza kufuata nzi. Nyuma ya choo, chini ya mashua iliyopinduliwa, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nilikuwa nataka nambari iwe ndogo, niwaambie ukweli. Kazi yangu ilikuwa ile Jamhuri. Jiji lina wapimaji wake. Lakini kila nilipofuata nzi, nambari iliongezeka.

Siku moja kabla ya mkutano Hajji aliniita mezani kwake. Alikuwa ameshaniparulia ngege wawili, wamekaa kwenye jani la mgomba, wa kupeleka nyumbani.

"Umepata nini?"

Nilimwambia. Alipangusa kisu.

"Hiyo ni kwa kilo ipi?"

"Ya serikali. Mhandisi anatumia hiyo, nilitaka tuzungumze lugha moja."

"Sema kwa kilo yetu," alisema kwa sauti ya chini. "Kilo yetu ni kubwa, kilo zitakuwa chache. Mtu akisikia ndogo kidogo, anapata moyo. Wala si uongo, binti yangu. Ni kilo yetu, na huu ni mwalo wetu."

Nilipiga hesabu kichwani. Alikuwa sahihi. Nambari ingeshuka vya kutosha kuwagusa wale wanaositasita.

"Si uongo, Hajji," nilisema.

"Si uongo."

"Basi mbona umeninong'oneza?"

Alifunga wale ngege kwa jani, akafunga na kamba, akanipa. Sikujua kama nichukue. Nilichukua. Nawaambia hili si kumchafua. Mtu huyu hakuwahi kugusa mshale wa mtu miaka yote niliyomjua. Niliona siku ile jinsi alivyokuwa anaipenda Jamhuri, na kwamba mtu mwaminifu anaweza kufikishwa pale. Ninyi pia mtafikishwa. Msidhani elimu itawazuia. Mimi mwenyewe nilitembea hadi stendi nikiwa naitafakari ile nambari yake kwa dhati.

Kesho yake watu wote walikusanyika mbele ya nyumba ya barafu. Mama Akello aliniita. Nilikuwa na nambari mbili kwenye karatasi, moja kwa kila kilo, na mpaka niliposimama sikuwa nimeamua. Kisha nikaona kwamba nikisoma yoyote kati ya hizo, watabishana juu yangu: nimetumwa na jiji, au nimetumwa na Hajji. Nikaikunja karatasi.

"Sitasoma," nilisema. "Naomba kila mtu alete cha leo."

"Cha leo nini?" mtu aliuliza.

"Mnajua."

Wa kwanza kuondoka alikuwa Nakato. Alikwenda nyuma ya choo, akarudi na ndoo, akaimimina katikati ya uwanja, juu ya turubai. Akasimama kando yake na mikono kiunoni. "Nami nilikuwa nasema kidogo tu," alisema. Kisha mwingine. Kisha wanne pamoja. Wengine walikwenda kuleta kutoka chini ya mashua. Lile rundo lilipanda. Kila mmoja alifahamu wake peke yake, kumbe wote walikuwa wanafichana. Hajji alikuwa wa mwisho kuleta. Alikuwa na ngege saba, aliwaweka juu kwa uangalifu, mmoja mmoja, kama anapanga meza.

Hakuna aliyeuliza ni kilo ngapi.

Kura zetu zilipigwa kwa miguu. Anayekubali anasimama upande wa barabara, anayekataa upande wa ziwa. Mpima mizani hapigi kura, anasimama katikati na kuhesabu, akiwa na daftari. Watu walianza kusogea. Nilihesabu. Walikwenda barabarani, wengi wakitazama chini, wengine wakizungumza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mama Akello alisubiri mpaka wa mwisho, akaenda barabarani, akageuka nyuma kama askari, akasimama wima. Upande wa ziwa walibaki thelathini na mmoja. Hajji alikuwa mbele yao, kanzu yake imelowa chini kwa maji ya samaki.

Nilisoma matokeo. Jamhuri ilikuwa imekwisha, na mwanamke mmoja tayari alikuwa anauliza nani ataosha turubai.

Kabla sijawaambia kilichofuata, niseme jinsi mambo yalivyo leo, ili msinionee huruma. Nyumba ya barafu inafanya kazi. Hainuki, inanguruma. Meneja ni mtu wa adabu, na wachuuzi wanamgombeza kama walivyomgombeza Mama Akello, tofauti ni kwamba hawawezi kumwondoa. Baraza la ushauri lipo na linashauri. Mjane mmoja alisubiri miezi mitano kupata meza ya mumewe, na hilo silipendi na nimeandika barua mbili. Mizani za kidijitali ni nzuri, nasema kama mtaalamu. Baadhi ya wachuuzi huongeza samaki mmoja mdogo juu ya kilo, baadhi hawaongezi, na wateja wanajua nani ni nani. Nami nina wanafunzi wanaoniuliza kwa nini, kutwa nzima, na ninalala vizuri.

Nakato alikuwa sahihi kuhusu watoto. Hajji alikuwa sahihi kwamba tuliutoa milele. Nimejaribu miaka yote hii kumfanya mmoja wao awe amekosea, ili nipumzike. Imeshindikana.

Basi pale uwanjani. Nilikuwa nafunga daftari nilipomsikia Mama Akello.

"Profesa. Wewe nasimama hapo katikati kufanya nini?"

"Nahesabu, Mama."

"Umemaliza. Tangu sasa mwalo hakuna mpima mizani. Wewe ni mtu kama sisi. Mtu anasimama upande."

Watu wote waliniangalia. Nilivuka turubai, nikiinua sketi isiguse samaki, nikaenda upande wa ziwa.

"Eh!" alipiga kelele Nakato kutoka barabarani. "Si wewe umetufanya tumwage ndoo? Sasa unakwenda kule? Profesa, umerukwa na akili?"

"Nilikuwa napima," nilimwambia. "Sasa napiga kura."

Alitikisa kichwa, lakini alicheka, na wengine wakacheka, pande zote mbili. Hajji alisogea kidogo kushoto ili nipate mahali pa kusimama pasipo na maji.

"Ziwa, thelathini na mbili!" alitangaza Mama Akello, kwa sauti ya gwaride. "Andika vizuri."

Nilifungua daftari, nikakata thelathini na moja kwa mstari mmoja, nikaandika thelathini na mbili. Kisha tukaosha turubai, sote, na tukaenda kula.